Gauni la Kukaa

Neema hajui kusema Kiswahili sawasawa, na si kosa lake. Amezaliwa Johannesburg, akakulia Johannesburg. Anakielewa chote, umseme, umsengenye, anakuelewa, lakini akifungua mdomo hutoka Kiingereza, na akikasirika hutoka Kizulu. Kwa hiyo Jumanne ile asubuhi aliponitumia ujumbe wa sauti, nikamsikia anahangaika na Kiswahili neno baada ya neno, nilijua kabla hajafika mwisho. "Anti Mwanaidi," alisema, "Mama alilala jana. Asubuhi mimi naenda kumwamsha. Mama hakuamka." Nyuma yake nikasikia birika linapiga mluzi na hakuna mtu wa kulizima. Mie nilikuwa hapa kwangu Tanga, jikoni, nachambua mchele. Niliurudia ujumbe ule mara nne, nikamaliza kuchambua, nikapika, nikapakua, ndipo nikakaa chini nikalia. Mtu aliyefanya unesi miaka thelathini hulia hivyo, kwanza anamaliza alichoshika.

Mama yake Neema ni Furaha, fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na mwaka ninaotaka kuuandika ni 2017, tulipokuwa tunakaa nyumba moja mtaa wa Mayfair, Johannesburg. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na kwa nini nilitoka Tanga kwenda kufanya kazi nchi ya watu, zina mahali pake na si hapa. Nilikuwa nimeshavuka arobaini wakati huo, kwa hiyo msinicheke nikisema kwamba mwaka ule ndio ulikuwa ujana wangu. Ule ujana wenyewe wa umri niliumaliza wodini nikigeuza wagonjwa ubavu. Nilichokuwa sikijui mpaka nikamkuta Furaha ni kukaa. Kukaa tu, mchana kweupe, mikono mapajani, bila kumhudumia mtu wala kumchunguza mtu. Furaha alinifundisha hilo, na nusura limuue. Nimelibeba jambo hili miaka yote, na yeye ndiye aliyekuwa ananikataza nisiliseme. Sasa hayupo wa kunikataza.

Kazi yangu ilikuwa unesi wa muda. Kulikuwa na wakala mmoja Randburg, ofisi yake ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, kazi yake kuzitafutia hospitali za mbali wauguzi wa kuziba mapengo. Hospitali ya Upington nesi wake kaenda kujifungua, inampigia wakala. Wakala ananipigia mie. Wiki sita Kuruman, wiki nane Upington, wiki nne Musina kule mpakani. Unapanda basi Park Station na sanduku lako, unafika mji usiomjua mtu, unapewa chumba chenye kitanda kimoja na kabati lisilofunga, unafanya zamu za saa kumi na mbili, na siku mkataba unapoisha hakuna hata anayekumbuka jina lako vizuri. Unarudi Johannesburg kungoja simu nyingine. Hapo katikati panakuwa na siku kumi, siku kumi na nne, mara moja tu siku ishirini na moja. Ukiniuliza leo habari za wodi za Kuruman nitakwambia sikumbuki. Zile siku za katikati nazikumbuka mpaka harufu zake.

Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye baraza mbele, dari la bati lililochorwa maua, na sakafu ya mbao inayotangaza kila hatua yako. Chumba cha mbele alikaa Bi Salma, Mzanzibari aliyeipanga nyumba nzima na kutupangisha sisi, mwanamke wa miaka sabini mwenye ulimi wa pilipili. Cha kati alikaa Furaha na Neema, na humo humo ndimo alimoshonea. Pembe moja alikuwa ameikata kwa pazia, wateja wajaribie nguo hapo. Changu kilikuwa cha mwisho, na kati yangu na Furaha hapakuwa na ukuta, palikuwa na ubao uliopakwa rangi ya krimu. Mtu akipiga chafya kule, mie huku namwombea afya. Jiko lilikuwa la sote, la umeme, la sahani nne, mbili zimekufa, na hizo mbili nzima ndizo zilizotufanya tujuane, maana huwezi kungojeana na mtu chungu kila siku msizungumze.

Niliporudi mara ya kwanza, kutoka Musina, sikujua la kufanya na mwili wangu. Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Nikadeki ukumbi. Nikazipanga dawa za Bi Salma kwa siku, nikamwandikia na karatasi. Nikampima presha yeye, nikampima jirani aliyekuja kuazima sufuria, jirani akamwambia jirani, na siku ya tatu watu wamekaa barazani kwa foleni, Wasomali, Wakongo, Watanzania, nami napita na mashine yangu mkononi na saa yangu ya kinesi imening'inia kifuani. Nilikuwa na furaha, wallahi, ile furaha ya mtu asiyejua kingine. Siku ya nne Furaha akasimama mlangoni kwake, pini mdomoni, akanitazama mpaka watu wakaisha. Kisha akazitema pini mkononi. "Weye umetoka kazi," akasema, "umekuja nyumbani, unafanya kazi. Juu ya nini?" Nikamwambia mie ni nesi. Akaivua ile saa kifuani pangu kama anavyomvua mteja tepu, akachukua mashine ya presha, akavitia vyote kwenye droo ya cherehani yake, akafunga, ufunguo akautumbukiza kifuani. "Siku ya kuondoka nitakurudishia. Mpaka siku ile, mu nyumba hii weye si nesi. Weye ni mutu tu."

Nilikasirika, nisidanganye. Siku mbili sikusema naye. Lakini siku ya tatu nililala mpaka saa tatu asubuhi, na nilipoamka jua limefika kitandani na hakuna mtu aliyekufa. Basi ikawa ndiyo sheria. Kila nilipotoka safari nilimkuta ameweka beseni barazani, maji ya moto na chumvi, naingiza miguu, na siku hiyo ya kwanza ni mwiko kutaja wodi. Ananipikia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakawa laini kabisa, na sambaza, wale dagaa wa ziwa lao la Kivu waliokuwa wanamfikia wakavu kwenye gunia la mtu wa kanisani kwao. Mie siku ya pili nalipa kwa mkate wa kumimina. Akija mtu kugonga kutaka kupimwa, Furaha anamkuta mlangoni. "Nesi ameenda Musina." Nami nipo hatua tatu nyuma yake nakunywa chai! Bi Salma anapaza sauti kutoka chumbani kwake: "Mwongo wee, Furaha! Huyo hapo anatafuna, namsikia!" Na mtu wa watu anaondoka anacheka.

Lakini starehe kubwa ilikuwa kulala kitandani mchana, mlango umefungwa, na kusikiliza ubaoni. Wateja wa Furaha walisema mambo mbele ya kioo ambayo hata kwa daktari hawayasemi. Mmoja wa Dar es Salaam alimwambia, "Nipunguze hapa kiunoni," nikamsikia Furaha anamjibu bila kucheka, "Nipunguze kitambaa ama nipunguze weye?" Mwingine alikuwa na mume mlinzi ambaye eti anapangiwa zamu ya Jumapili Sandton, na Jumatano pia halali nyumbani, eti zamu ya Jumapili, na Ijumaa hivyo hivyo. Nikasikia mkasi wa Furaha unakata. "Sandton," akasema, "iko na Jumapili ngapi mu wiki?" Nilijifunika mto nisicheke. Saa kumi jioni, miezi ya joto ambayo kule ndiyo ya mvua, mbingu ilifunguka, mvua ya mawe ikapiga bati, hatusikilizani tena, na sote tunatoka ukumbini kungoja ipite, Bi Salma na tasbihi yake, mteja nusu kavaa nusu hajavaa, Neema anaokota mawe ya barafu kizingitini. Baadaye harufu ya vumbi lililolowa inaingia mpaka jikoni. Siku nyingine tulibeba chakula tukaenda bustani ya Emmarentia, tukatandika kitenge kando ya bwawa, tukala samaki na yale maandazi yao ya chumvi wanayoyaita magwinya, huku Furaha anakagua nguo za watu wanaotembeza mbwa. "Mbwa ile iko na koti," akaniambia. "Kitambaa muzuri kuliko changu. Lakini mushono, eish, ni aibu." Nikalala chali kwenye majani na viatu nimevua. Sijawahi kulala chali mbele za watu kabla ya siku ile.

Oktoba nilirudi kutoka Upington, na hizo ndizo zile siku ishirini na moja. Furaha alikuwa ameninunulia kitenge Fordsburg, cha njano chenye ndege wa buluu, na akasema ananishonea gauni. Nikamuuliza la wapi, maana sina harusi. "Si la harusi," akasema. "Si la msikiti, si la kazi. Ni gauni la kukaa. Ukirudi safari unavaa hili, batu wakikuona wanajua leo huyu hapana guswa." Alinipima mara mbili, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Nililiona hilo. Niliyaona mengi wiki zile, na hapa ndipo penye shida yangu: niliyaona kwa macho ya mtu tu, kama alivyotaka. Niliona anakunywa chai na tone linateremka pembeni mwa mdomo bila yeye kulifuta. Niliona mchana anajinyoosha, na yeye mchana halali. Nikasema kachoka, na yeye apumzike.

Kisha alasiri moja nimelala, mama mmoja wa Bujumbura amekuja kuchukua sketi, nikamsikia Furaha anamwambia kwa sauti ya chini, "Kichwa kinanigonga tangu wiki ya jana. Upande mumoja. Asubuhi kidole kilikuwa kinalala." Yule mama akamwambia, lakini una nesi hapo nyuma ya ubao! Furaha akasema, "Wacha. Usimuambie. Iko anapumzika." Nilisikia kila neno. Ningeweza kusema sikusikia vizuri, usingizi ulikuwa umenichukua, na mara nyingi nimejaribu kukumbuka hivyo. Lakini nilisikia, na kitu ndani yangu kikasema: wiki hii si kazi yako. Nikageukia upande wa pili nikalala.

Siku mbili baadaye gauni likawa tayari. Nikalivaa mbele ya kioo chake, na mkono wa kushoto ukanivuta bega nyuma kama mtu kanishika. Alikuwa ameupachika nyuma mbele. Furaha, fundi ambaye watu walitoka mpaka Pretoria kumfuata, alinizunguka, akanitazama, akasema, "Muzuri kabisa." Bi Salma alikuwa mlangoni. "Fundi wa Bukavu leo kalewa!" akasema, "mkono kautia kinyumenyume!" Tukaangua kicheko, mie nikacheka mpaka nikashika fremu ya mlango. Furaha alitazama lile bega, akatazama tena, kisha naye akacheka, ila alichelewa kidogo kuanza. "Kesho nitafumua," akasema. Jioni hiyo hiyo wakala akapiga: Kuruman, wiki sita, basi la asubuhi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza, maana ndivyo tulivyokuwa wauguzi wa muda, unasema ndiyo kwanza, unauliza baadaye. Gauni nikalikunja nikalitia sandukuni, nikamwambia atafumua nikirudi.

Asubuhi alifungua droo akanipa saa yangu na mashine yangu. "Sasa weye ni nesi tena," akasema. Alinisindikiza mpaka getini. Akajaribu kulitoa komeo la geti kwa mkono wa kushoto, likamshinda, akajaribu tena, nikalifungua mwenyewe nikambusu nikaenda. Sasa mie nilikuwa na mazoea yangu: saa ya kifuani siivai mpaka basi lipite Potchefstroom. Mpaka hapo bado niko nyumbani; nikishaibana pini, nimeingia kazini. Basi likapita Potchefstroom, nikaitoa mfukoni, nikaibana. Na wakati mikono bado iko kifuani yakaja yote pamoja, yamejipanga kama ripoti ya kupokezana zamu: tone la chai, kidole, kichwa upande mmoja, komeo, mkono wa gauni. Tena mkono wa kushoto, na mwenyewe akaangalia asiuone. Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, abiria wakageuka. Ulikuwa ni mwanzo wa kiharusi, ule unaobisha hodi siku kadhaa kabla haujaingia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeujua. Mie nilikuwa nimeucheka.

Nikampigia Bi Salma. Nikamwambia, nenda kwa Furaha, mwambie acheke. "Acheke nini?" Nikasema, wee mwambie tu acheke, umtazame mdomo. Nikasikia ndara zake ukumbini, nikasikia anamwambia, nikasikia ndara zinarudi. Aliporudi kwenye simu hakuwa na ulimi wa pilipili tena. "Mwanaidi," akasema, "kacheka upande mmoja." Nikamwambia amwite mwenye duka wa mbele, yule Msomali mwenye gari, wampeleke hospitali sasa hivi. Ukawa ugomvi mkubwa. Furaha kagoma. Kibali chake cha ukimbizi kilikuwa kimeisha muda, na kumbe wiki moja nyuma alikwenda kliniki moja na kichwa kile kile, wakamtazama karatasi hawakumtazama kichwa, wakamrudisha. Sasa alikuwa amekaa sakafuni kashika mguu wa cherehani, anasema haendi popote kufukuzwa tena mbele za watu. Niliongea naye kwenye simu, nikabembeleza, nikapiga kelele basi zima likasikia. "Weye nenda kazi yako," akaniambia, na maneno yalikuwa mazito mdomoni kwake. "Mi iko salama."

Nilishuka Klerksdorp. Sanduku langu lilikuwa chini kabisa ya mizigo, dereva alininunia, na nilipompigia wakala Randburg kumwambia sifiki Kuruman alinijibu kwa upole sana kwamba mtu akishuka kwenye basi lake, halipandi tena. Nikasema sawa. Nikapanda basi dogo la kurudi, na saa nane kasoro nikawa Mayfair. Furaha alikuwa bado pale sakafuni, na Bi Salma amekaa sakafuni pamoja naye, bibi wa miaka sabini na magoti yake. Furaha aliponiona alikasirika kweli. "Weye uko Kuruman!" Nilimfunga kitambaa cha mashine, namba zikapanda mpaka nikampima mara ya pili. Nikamwonyesha. Kisha nikafungua sanduku, nikavaa sare yangu nyeupe na beji za mabegani, nikamwambia, "Leo hatuendi kama wakimbizi. Leo unakwenda na nesi." Akanitazama kuanzia viatu mpaka saa. Akanyoosha mkono wa kulia nimwinue.

Yule Msomali akatupeleka hospitali kwa gari lake, na pale mapokezi ya dharura sikukaa kwenye benchi. Nilipita nikisukuma kiti chake cha magurudumu kana kwamba niko zamu, nikatoa ripoti kwa Kiingereza cha wodini, jina, umri, presha, saa dalili zilipoanza, na hakuna aliyeniuliza karatasi mpaka daktari alipokuwa ameshamshika. Mkono wa kushoto ulikufa kabisa wakiwa wanamtundikia dripu. Jioni daktari kijana aliniambia kwa kunipa moyo kwamba tumefika bado kuna la kufanya. Nikamuuliza, na kama angekuja asubuhi? Hakupenda kujibu, lakini mie nilikuwa na sare, na wenye sare hawadanganyani. Akasema huenda mkono ungepona wote.

Hapo ndipo likizo yangu ndefu kuliko zote ilipoanza. Wakala hakupiga tena, na miezi mitatu na zaidi sikuwa na kazi popote. Tulikula tulichokuwa tumeweka, Bi Salma akasahau kwa makusudi kudai kodi, na waumini wa kanisani kwa Furaha wakawa wanaleta unga na dagaa. Hofu ilikuwepo, lakini nikikumbuka miezi ile ninaona jua limejaa barazani na sisi wawili tunamenya njegere, nimemwekea bakuli upande wa kushoto kusudi mkono ule ufanye kazi, njegere zinatawanyika, naye anazitukana kwa Kifaransa. Baada ya wiki nane akataka kurudi kwenye cherehani. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, lakini nguo inataka mikono miwili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuongoza. Basi nikavuta kiti upande wake wa kushoto. Yeye anakanyaga, anasukuma, mie nashika kitambaa pale anaponiambia. "Polepole. Wacha kiende. Usikivute, si mugonjwa." Tulishona hivyo sketi, mashela, sare za kwaya. Wateja walijaribu nguo nyuma ya pazia na umbea wao wakaumwaga mbele yetu wawili, na sikuwa tena nyuma ya ubao.

Siku moja tuko hivyo, uzi umekatika, anangoja nitunge sindano, nikamwambia. Nikamwambia kwamba alasiri ile nilisikia. Kichwa, kidole, kila neno, nikageuka nikalala. Nilisema nikiwa nimeinamia sindano, siwezi kuinua uso. Furaha akaendelea kunyoosha kitambaa kwa mkono wa kulia. "Mi nilijua," akasema. "Kitanda chako kinalia. Nilisikia umegeuka, nikasema bon, amesikia, amegeuka, sasa atalala." Nikalia, uzi ukanitoka mkononi. Akanipiga bega kwa ule mkono wa kushoto, ukaja kwa uzito kama mfuko wa sukari. "Kama ungeamka," akasema, "ningekufukuza. Sheria ilikuwa yangu, Mwanaidi. Usiseme tena hii maneno kwa mutu. Tunga sindano." Nikatunga sindano.

Mwaka uliofuata kibali chake kilipatikana, nami nikapata kazi ya kudumu mahali pengine, na baadaye nikarudi Tanga. Mkono wake ulirudi nusu, ukamtosha. Neema alipokuwa mkubwa akawa ndiye anakaa kiti cha kushoto. Tulipigiana simu karibu kila wiki, na kila mara, kabla ya kuaga, alikuwa ananiuliza, "Ile gauni, ulitafuta fundi akafumua?" Ilimuuma, fundi kama yeye, kazi yake mbovu kutembea duniani. Namwambia nimeshafumulisha, limekaa sawa kabisa. Anasema, "Aksanti Mungu." Miaka yote hiyo nilimdanganya. Gauni lilikuwa kabatini vile vile, na pini moja yake bado imo kwenye pindo.

Jana nililitoa. Nimenenepa, lakini yeye aliacha nafasi, alikuwa anajua wanawake wanakwenda wapi. Nikalivaa, nikatoka nikakaa kibarazani kwangu saa tano ya asubuhi, simu nimeiacha jikoni, mikono mapajani, kama nilivyofundishwa. Mkono wa kushoto ukanivuta bega nyuma. Sikuwa nimekaa robo saa jirani yangu Mama Saidi akapita na kapu lake la sokoni. Akanitazama gauni, akaona leo nina jambo langu, akasalimu tu akataka kupita. Nikamwona kabadilisha kapu mkono mara mbili kabla hajafika ngazini kwangu. Nikasema moyoni, Furaha, shoga yangu, nisamehe, sheria yako hii siiwezi tena.

"Mama Saidi," nikamwita, "hebu njoo ukae hapa kidogo. Hebu nichekee nikuone."

Akacheka, hajui anacheka nini, na mdomo ulikwenda pande zote mbili. Hata hivyo nikaingia ndani nikachukua mashine.